Siku ya Thelathini Ilipoangukia Jumapili

Siku mliponiaga pale masjala, baada ya soda na keki, mmoja wenu alisema, "Bi Zubeda, unaondoka na kila kitu kichwani." Alikuwa anatania, kwa sababu asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimesahau miwani ndani ya jalada la mirathi na nusu ya ofisi ikanisaidia kuitafuta. Hata hivyo maneno yale yalinikaa. Sasa nipo nyumbani, kuku wangu hawahitaji karani, na nimeona niwaandikie machache kabla sijasahau na hayo. Vyeo na mishahara nimeviacha. Vyeo vyangu havikuwa vingi, na mishahara mnaijua.

Niliingia kazini nikiwa binti wa sokoni. Baba yangu aliuza khanga na vitenge Singida mjini. Asili yake ni pwani, mama Mnyaturu wa hapahapa, na nyumbani tuligombana kwa lugha mbili. Baba alipoambiwa nimepata kazi mahakamani alifurahi sana, akawatangazia wateja kwamba binti yake atakuwa anafunga watu. Siku ya kwanza nilipewa sindano, uzi na lundo la majalada yaliyotafunwa na panya, nikaambiwa niyashone. Nilishona wiki tatu. Sikumfunga mtu yeyote.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gunda, mtu wa Kintinku, mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye alikunywa chai bila sukari na kuwahurumia wote walioweka. Wiki ya nne aliniita mezani kwake, akaweka kalenda mbele yangu.

"Matokeo ya uchaguzi yametangazwa leo," akasema. "Mgombea aliyeshindwa ana siku thelathini kuleta maombi ya kuyapinga. Mwisho wake lini?"

Nikahesabu kwa kidole, nikianzia siku ileile. Akaniacha mpaka nikamaliza, kisha akatikisa kichwa.

"Siku ya tangazo haihesabiwi. Mtu amepigwa kofi leo, mwache leo alie. Kesho ndiyo anaanza kuhesabu."

"Na siku ya mwisho ikiwa Jumapili?"

"Jumapili mlango wetu umefungwa. Sheria haimwadhibu mtu kwa kufuli la kwetu. Atakuja Jumatatu. Lakini Jumanne, hata akija analia, amechelewa."

Halafu akanifundisha jambo la pili, ambalo ninyi wa kompyuta mnalihitaji kuliko sisi. Karani haruhusiwi kumshauri mtu aliyekuja kufungua shauri. Ukimwambia aandike nini, kesho upande wa pili utasema mahakama imemwandikia. Lakini hakuna sheria inayomkataza karani kusoma. Mzee Gunda alikuwa akipokea karatasi, anamsomea mwenyewe aliyeileta kwa sauti, taratibu, na akifika penye kasoro anasimama na kuisoma tena. Watu wengi, wakisikia maneno yao wenyewe mara mbili kutoka kinywani mwa mtu mwingine, huomba karatasi warudi nayo nyumbani.

Alinionya pia kuhusu muhuri wa tarehe. Ule wa zamani, wa mikanda midogo ya mpira inayozungushwa kwa kucha. Nilikuwa na tabia ya kuugeuza alasiri kwenye tarehe ya kesho ili asubuhi nisihangaike. Aliniona mara moja akasema, "Zubeda, usiiingie kesho kabla leo haijatoka." Nilimwitikia ndiyo mzee. Nikaendelea kuugeuza, ila asiponiona. Mpaka anastaafu na kurudi kwao kwa ng'ombe wake, muhuri ulikuwa haujaniadhibu hata siku moja, na mimi nikahesabu hilo kuwa ni ujuzi.

Miaka ikapita. Nikahamia mahakama nyingine ya wilaya mkoani humuhumu, nikakuta masjala yenye dirisha moja, benchi moja na mpeleka wito mmoja, Hamisi, ambaye pikipiki yake nyekundu ilijulikana vijiji vyote. Mashauri yalikuwa ya kawaida: mipaka, talaka, ng'ombe waliokula alizeti za mtu. Ya uchaguzi yalikuja kwa msimu, na mengi yalikufa kabla hayajasikilizwa, kwa sababu mtu amesahau saini au amemshtaki asiyehusika. Ndipo akaja Mama Rehema Njiku.

Alitoka kijiji kimoja mbele ya Ilongero. Alikuwa mjane wa makamo, mfugaji, mwembamba, na alisalimia kila mtu kwenye benchi kwa mkono kabla ya kunifikia. Mwenyekiti wa kijiji chao alikuwa amefariki, ukafanyika uchaguzi mdogo, naye akagombea dhidi ya Bwana Msengi, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Hoja ya wagombea wote wawili ilikuwa bonde moja. Msengi alitaka ligawanywe mashamba ya alizeti. Mama Rehema alitaka libaki malisho, kwa kuwa ndiko kuliko na lambo, na mifugo ya nusu ya kijiji hunywa pale. Ijumaa matokeo yakatangazwa, Msengi ameshinda kwa kura tisa.

"Tatizo si hizo tisa," Mama Rehema aliniambia dirishani. "Tatizo ni kwamba kura za kitongoji chetu zilihesabiwa sisi tukiwa nje. Waliwatoa mawakala wetu darasani, wakasema kuna joto. Mlango ukafungwa. Sasa kama kuna joto, mlango unafungwa wa nini?"

Swali lilikuwa zuri lakini halikuwa langu kulijibu. Ilikuwa Jumatano, na siku zilikuwa zimebaki chache. Nikapokea karatasi zake. Zilikuwa zimeandikwa na bwana mmoja anayewaandikia watu barua karibu na stendi, mwandiko mzuri sana. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Wajibu maombi walikuwa kumi na mmoja. Wa kwanza Msengi, sawa. Wa pili msimamizi wa uchaguzi, sawa. Wa tatu mwalimu mkuu, kwa kutoa darasa. Nikasimama. Nikarudia. Wa saba alikuwa mpishi aliyewapikia wasimamizi. Wa kumi na moja nilimsoma mara mbili polepole: "Mke wa mjibu maombi wa kwanza, kwa kutucheka."

Benchi zima likacheka. Mama Rehema hakucheka, lakini pembe za mdomo zilimsaliti.

"Kweli alitucheka," akasema.

"Sijasema hakucheka, mama. Mimi nasoma tu."

Nikaendelea mpaka ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba aliyoyaeleza ni kweli kwa ujuzi wake, na kutia saini. Hapakuwa na kitu. Nikausoma ule weupe kwa kukaa kimya muda mrefu. Akanitazama, akaitazama karatasi, akanyoosha mkono.

"Nirudishie," akasema. "Na kama kuna wakili mjini anayesaidia watu bure, hilo nalo huwezi kunisomea?"

Ukutani nyuma yangu kulikuwa na tangazo la msaada wa kisheria. Nikageuka nikalisoma kwa sauti, pamoja na saa zao za kufungua.

Siku ya thelathini iliangukia Jumapili. Jumatatu nilimsubiri tangu asubuhi, ingawa sikuwa na sababu ya kikazi ya kumsubiri. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ya kwao ilikuwa matope. Saa saba hayupo, saa nane hayupo. Saa tisa na robo alasiri nikajisemea basi, imeshindikana. Nikapanga mafaili, nikafungia wino, nikageuza muhuri kwenye tarehe ya kesho.

Dakika tano kabla ya kufunga, Mama Rehema aliingia na matope mpaka magotini, viatu mkononi, karatasi kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Safari hii zilikuwa safi: wajibu maombi wanaostahili, uthibitisho, saini, nakala za kutosha. Nilifurahi mno. Niliandika rejesta, nikamkimbiza kwa mhasibu akalipia ada, akarudi na stakabadhi, nikagonga muhuri nakala zote kwa nguvu, pwa, pwa, pwa, kama mtu anayetwanga. Akanishukuru, akaenda zake bila viatu. Nami nikafunga ofisi nikiwa nimeridhika na nafsi yangu kuliko siku nyingine yoyote ya utumishi wangu.

Kazi iliyofuata ilikuwa kumfikishia Msengi hati zake. Hamisi alikwenda mara tatu. Kila pikipiki nyekundu ilipoonekana kwenye kona, Mwenyekiti alikuwa amesafiri Sekenke, kwenye machimbo, kumwona mjomba mgonjwa. Mara ya tatu Hamisi aliukuta ugali wa Mwenyekiti mezani ukitoa mvuke. Shauri la uchaguzi halikai kusubiri mjomba apone, na hakimu, kijana makini ambaye umri wake ungetosha kuwa mwanangu, akaniita.

"Bi Zubeda, huko kijijini wanakufahamu?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi nenda wewe."

Nilivaa baibui langu la harusini, nikapanda bodaboda mpaka kijijini, nikamwambia dereva anisubiri. Kwenye ofisi ya kijiji walikaa wazee wawili. Niliwaamkia, tukaulizana habari za mvua, kisha mmoja akataka kujua nina shida gani.

"Nimemletea Mwenyekiti karatasi kutoka mjini."

Kila neno langu lilikuwa la kweli. Sikujua, naapa sikujua, kwamba Bwana Msengi alikuwa amesubiri wiki mbili barua ya mwaliko wa semina ya wenyeviti wapya, yenye hoteli na posho. Mzee mmoja akainuka akaenda nyuma ya ofisi, na Mwenyekiti akatoka kwenye banda la mashine yake akijifuta mafuta mikononi. Machimbo ya Sekenke kumbe yalikuwa hatua arobaini.

"Karibu sana, mama," akasema. "Ni ile ya semina?"

"Imeandikwa jina lako, Mwenyekiti. Angalia kama liko sawa."

Akaangalia juu, jina lilikuwa sawa. "Nitie saini wapi?"

"Hapa, kwamba umepokea. Na tarehe."

Alitia saini kubwa ya kiongozi, mbele ya wazee wawili. Halafu akaanza kusoma. Niliona macho yake yakishuka mstari kwa mstari, na tabasamu likishuka nayo.

"Mama, umenidanganya."

"Nimekwambia karatasi kutoka mjini. Mimi natoka mjini."

Mmoja wa wale wazee akaanza kukohoa na hakuacha mpaka naondoka. Msengi, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akaniuliza kama nimeshakunywa maji. Nikamwambia nimeshakunywa. Nilikuwa na kiu ya kufa, lakini kupokea kitu kwa mjibu maombi haikuwa sahihi, na isitoshe sikuwa na uhakika na maji yenyewe.

Nilirudi nikijiona shujaa. Wiki iliyofuata shujaa alipata habari yake. Wakili wa Msengi, bwana mmoja kutoka Dodoma mwenye suti nzito kuliko joto letu, alileta pingamizi la awali: maombi yafutwe bila kusikilizwa, kwa kuwa yamewasilishwa nje ya muda. Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili, anakubali sheria inaisogeza Jumatatu. Lakini muhuri wa mahakama kwenye maombi unasema Jumanne.

Nilisoma mara moja nikadhani amekosea. Nikatoa jalada kabatini. Tarehe ya Jumanne ilikuwa pale, wino mweusi, imekaa vizuri, haikupinda hata kidogo. Nikakaa juu ya kiti chenye majalada.

Nisiwadanganye, nyie wanangu. Kabati lilikuwa langu, ufunguo wangu, muhuri wangu. Kugeuza mkanda nyuma siku moja na kugonga juu yake ni kazi ya sekunde mbili. Nilifikiria hilo. Kilichonizuia kwanza hakikuwa uaminifu. Kilichonizuia ni nakala. Ile ya Msengi nilikuwa nimempelekea mimi mwenyewe, kwa baibui la harusini, nayo ilikuwa na Jumanne yake. Uaminifu ulikuja baadaye kidogo, ukakuta nafasi imeshatayarishwa.

Nikampigia simu Mzee Gunda kule Kintinku. Nilisikia ng'ombe wakilia nyuma yake. Nikamweleza yote, pamoja na tabia niliyokuwa namficha.

"Nilikuwa najua," akasema. "Ulikuwa unaugeuza nikienda kunywa chai. Hakimu umemwambia?"

"Bado, mzee. Nimeona nikuulize kwanza."

"Zubeda, mimi nimestaafu. Hakimu yupo chumba cha pili. Kwa nini unapiga simu Kintinku?"

Akakata. Nikainuka nikaenda chumba cha pili.

Hakimu hakunikaripia, na hilo liliniuma zaidi. Alisema nitayasema mahakamani, chini ya kiapo, pande zote zikisikia. Siku hiyo chumba kilijaa watu wa kijiji. Mama Rehema alikaa mbele. Hakuwa ameambiwa chochote zaidi ya kwamba kuna tatizo la tarehe, na aliponiona napanda kizimbani alinipungia mkono kidogo, kama mtu anayemtakia mwenzake safari njema. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikaeleza. Kwamba maombi yaliletwa Jumatatu kabla ya saa tisa na nusu. Kwamba rejesta niliyoandika kwa mkono inasema Jumatatu, na stakabadhi ya mhasibu pia. Kwamba muhuri niliugeuza mwenyewe mapema, kwa uvivu. Wakili wa Dodoma akasimama.

"Shahidi, umefanya kazi hii miaka mingi?"

"Mingi, mheshimiwa wakili."

"Na unataka mahakama iamini mwandiko wako badala ya muhuri wake?"

"Sitaki iniamini mimi. Iangalie stakabadhi. Mhasibu hanipendi, hawezi kunisaidia."

Watu wakacheka. Mhasibu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli.

"Kwa hiyo unakiri wewe ni mzembe."

"Kwa siku hiyo, ndiyo."

"Siku hiyo tu?"

Hapa ningeweza kusema ndiyo na kushuka. Lakini nilikuwa nimeshika kitabu kitakatifu dakika chache tu zilizopita.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa naugeuza hivyo karibu kila siku, tangu nikiwa msichana. Siku hiyo ndiyo ulinikamata."

Wakili akatazama karatasi zake, akakaa. Aliniambia baadaye, kwenye korido, kwamba shahidi anayekiri zaidi ya alichoulizwa humharibia mtu mpangilio.

Hakimu alisoma uamuzi siku iliyofuata. Tarehe ya kuwasilisha, alisema, ni siku ambayo mtu amekabidhi karatasi zake na kulipia ada, na mwombaji haadhibiwi kwa kosa la ofisi iliyompokea. Pingamizi likatupwa. Mimi nikapata barua ya onyo, nayo niliistahili, na ilikuwa na makosa mawili ya tahajia ambayo nilijizuia kuyataja.

Shauri likasikilizwa. Mawakala walieleza walivyotolewa darasani, msimamizi wa kituo akaeleza habari za joto, na hakimu akamwuliza swali lilelile la Mama Rehema kuhusu mlango. Msengi mwenyewe aliapa kwamba hakujua kilichotendeka humo ndani, na mimi nilimwamini. Uchaguzi ukabatilishwa, ukaamriwa urudiwe. Mama Rehema alipita masjala akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda kufanya kampeni.

Ulirudiwa wakati wa mavuno. Nilisikia matokeo sokoni nikinunua mtama: Msengi ameshinda tena, na safari hii si kwa kura tisa, ni kwa zaidi ya hamsini. Nilikosa raha siku nzima. Siku chache baadaye Mama Rehema akatokea dirishani, amevaa viatu, na bahasha mkononi. Nikavuta pumzi, nikavuta na rejesta.

"Iache," akasema. "Sikuja kufungua kitu. Nataka nakala ya ile hukumu, ya kwangu."

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Safari hii walihesabu milango wazi. Nilikaa mstari wa mbele nikahesabu nao, karatasi moja moja. Nimeshindwa." Alilitamka lile neno bila kupepesa. "Ile ya kwanza nilikuwa sijashindwa, nilikuwa nimetolewa nje. Hivyo ni vitu viwili."

Nikaanza kumtayarishia nakala. Nikamwuliza amefikaje mjini, maana nilisikia gari la kwao limeharibika.

"Nimepanda pikipiki ya Mwenyekiti. Yupo pale nje, ananisubiri."

Nikachungulia dirishani. Kweli Bwana Msengi alikuwa kivulini, amekalia pikipiki yake, anakula karanga.

"Na bonde?" nikauliza.

"Tunagawana. Upande wa lambo unabaki malisho, huku juu walime. Kamati ya malisho amenipa mimi. Anasema afadhali nipigie kelele ndani kuliko nje." Akapokea nakala, akaipuliza wino, akaikunja ndani ya bahasha. "Ana akili yule mtu. Nilijua tangu mwanzo kwamba anaweza kuwa mwenyekiti mzuri. Nilitaka tu kuhakikisha kama amechaguliwa."